Washauri wa mitaa wamechaguliwa, lakini nani anamuuliza burugumesta?

Tarehe 20 Desemba 2023, wapiga kura wa Kisangani, Lubumbashi, Kolwezi, Kindu, Kalemie na Bukavu walichagua mara nne siku moja: rais wa Jamhuri, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na mshauri wa mtaa. Kura tatu za kwanza walikuwa wanazijua. Ya nne ilikuwa mpya. Tangu Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ianze kufanya kazi, hakuna raia wa Kongo aliyekuwa amewahi kumchagua mtu wa kumsemea kwenye mtaa wake, au komine kama wengi wanavyosema. Wengi walibonyeza picha kwenye mashine ya kura bila kujua vizuri mtu huyo anakwenda kufanya kazi gani.

Jibu liko katika sheria. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 ndiyo inayopanga namna miji, mitaa, sekta na usultani vinavyojiongoza. Kila mahali inaweka vyombo viwili: baraza la washauri, na kamati ya kutekeleza kazi. Baraza linajadili na kupitisha. Kamati, chini ya burugumesta kwenye mtaa au meya kwenye mji, inatekeleza. Bajeti ya mtaa inahitaji kura ya baraza. Hesabu za mwaka zinapaswa kurudi mbele ya baraza hilo hilo. Na mambo yenyewe ni yale ambayo raia anakutana nayo kila asubuhi akitoka nyumbani: soko, mfereji, takataka, taa za barabarani, barabara ndogo za ndani, mahali pa kuegesha magari, vitabu vya vizazi na vifo.

Mchukueni mama anayeuza sombe kwenye soko la mtaa wa Kenya, kule Lubumbashi. Anakuja mtu wa ushuru, anachukua pesa, anampa kikaratasi, na mara nyingine hampi kitu. Mvua ikinyesha, mama huyo anaweka mfuko wa plastiki chini ya miguu kwa sababu maji hayana pa kwenda. Akitaka kujua ushuru wa soko zima kwa mwezi ni kiasi gani, na umekwenda wapi, hana mlango wa kugonga. Akienda kwenye biro ya mtaa atatumwa kwa mtu mwingine, na huyo mwingine atamwambia arudi kesho. Mshauri wa mtaa aliwekwa kwenye sheria ili awe mlango huo. Yeye ndiye mwenye haki ya kusimama kwenye kikao na kumwambia burugumesta: leta daftari la ushuru wa soko, tulisome pamoja.

Ila mlango huo una tatizo moja kubwa, na si tatizo la tabia ya mtu fulani. Ni namna ngazi yenyewe ilivyojengwa nusu, ikaachwa.

Kwa mpango wa sheria, kura ya 2023 ilikuwa hatua ya kwanza tu. Washauri wa mitaa wakishachaguliwa na raia, wao wanawachagua washauri wa mji. Wanamchagua pia burugumesta na msaidizi wake. Nao washauri wa mji wanamchagua meya. Hapo ndipo mambo yanafungamana: burugumesta aliyepata kiti kwa kura za washauri anajua kwamba washauri hao hao wanaweza kumnyima bajeti, kumwita ajibu maswali, na mwisho kumwondoa. Anatoa hesabu kwa sababu anawahitaji.

Mwaka 2024 wote ulipita bila hatua hiyo ya pili kufanyika. CENI ilitangaza tarehe, tarehe zikasogezwa, na kila mara sababu iliyokuwa inarudi ilikuwa pesa. Wakati huo mameya na maburugumesta waliobaki vitini ni wale waliowekwa kwa ordonansi ya Rais wa Jamhuri. Kwa hiyo kuna mabaraza yaliyochaguliwa na raia yakitazamana na wakubwa ambao baraza halikuwaweka. Burugumesta wa namna hiyo akiitwa na washauri anaweza kuja kwa heshima, anaweza pia kutuma barua kwamba ana shughuli. Ajira yake haiko mikononi mwao. Macho yake yako Kinshasa, kwenye ordonansi inayofuata, ambayo inaweza kumpandisha au kumtoa. Hakuna haja ya kumsingizia mtu ubaya ili kuelewa jambo hili. Hata mtu mwema, akijua kwamba mkubwa wake yuko mbali na hauoni mfereji wa mtaa, atatumia nguvu zake nyingi kumpendeza mkubwa huyo, na kazi ya mfereji itangojea.

Washauri wenyewe nao wameachwa katika hali ya ajabu. Kinshasa, washauri wa mitaa walitoka hadharani kudai mishahara yao. Wapo raia waliocheka, wakisema hao ni wanasiasa wengine wenye njaa. Kicheko hicho hakisaidii. Mshauri asiye na mshahara unaojulikana, asiye na biro, asiye hata na nakala ya bajeti ya mwaka uliopita, atangojea bahasha. Na bahasha hiyo itatoka wapi kama si kwa yule anayepaswa kumchunguza? Leta ikikataa kumlipa mwenye kuuliza, inamlipia burugumesta ukimya.

Pesa ndiyo sehemu yenye uzito zaidi, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote.

Katiba, kwenye kifungu cha 175, inasema majimbo yanapata asilimia 40 ya mapato yenye sura ya kitaifa, nayo inakatwa pale pale pesa inapoingia. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba katika fungu hilo la jimbo, asilimia 40 ni ya miji, mitaa, sekta na usultani. Hesabu si ngumu. Katika kila franka 100 za mapato hayo, 40 ni za majimbo, na katika hizo 40, 16 ni za ngazi ya chini kabisa, ile inayoshika soko na mfereji. Kukatwa pale pale hakujawahi kuwa desturi. Desturi ni kwamba pesa yote inapanda Kinshasa, kisha kitu kidogo kinateremka kwa jina la retrosesio, wakati Kinshasa inapotaka na kwa kiasi inachotaka. Wakubwa wa mitaa wanalia kila mwaka juu ya retrosesio ambayo haijafika, na wana haki ya kulia. Lakini kilio hicho kimekuwa pia shuka la kujifunika. Mkubwa akiulizwa juu ya ushuru ambao mtaa wenyewe unakusanya, anajibu juu ya retrosesio. Maswali hayo ni mawili, na baraza lenye nguvu lingemlazimisha ayajibu yote mawili.

Kuna mahali ambapo jibu la retrosesio halisimami kabisa. Ni Lualaba na Katanga ya Juu, na kila mahali penye mgodi wa kiwanda.

Sheria ya migodi iliyofanyiwa marekebisho tarehe 9 Machi 2018 inagawa redevansi, yaani malipo ambayo kampuni inatoa juu ya madini inayouza, kwa mafungu manne. Katika kila dola 100 za redevansi, 50 ni za serikali kuu, 25 ni za jimbo, 15 ni za mtaa, sekta au usultani ambako mgodi uko, na 10 zinawekwa kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Tena zile 15 hazipiti Kinshasa. Kampuni inazipeleka moja kwa moja kwenye akaunti ya sekta au mtaa. Kobalti ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, redevansi yake ilipanda mpaka asilimia 10, wakati ya shaba ni asilimia 3.5. Sekta ambazo zamani hazikuwa na hela ya kununua kompyuta zilianza kuingiza dola kwa wingi ambao hakuna mkubwa wa sekta aliyewahi kuuona maishani mwake.

Pesa hiyo ni ya kujenga vitu vya msingi vya jamii: shule, zahanati, maji, barabara. Sasa nani anapitisha orodha ya miradi? Nani anauliza kwa nini shule ya vyumba sita imegharimu kiasi hicho, na fundi alipatikana kwa njia gani? Kwa sheria ni baraza. Lakini kura ya 2023 ilifanyika tu kwenye mitaa ya miji mikuu ya majimbo. Mitaa ya Dilala na Manika, kwa kuwa ni ya mji wa Kolwezi, ilipiga kura ya washauri. Sekta na usultani hazikupiga. Migodi mingi iko huko nje, upande wa Luilu, upande wa Fungurume, mahali ambapo hakuna mshauri hata mmoja aliyechaguliwa na raia. Mkubwa wa sekta anapanga, anasaini, anatekeleza, kisha anajipongeza kwenye sherehe ya kukata utepe. Gavana wa jimbo ana kazi ya kumsimamia, na sheria inamtaka aupitie mradi wa bajeti kabla haujapitishwa. Ila gavana ni jicho la juu. Hajui kama bomba la kijiji fulani linatoa maji au lilitoa siku ya picha tu. Na gavana na mkubwa wa sekta wakielewana vizuri, raia anabaki nje ya mazungumzo yote.

Hapa pana jambo la kushangaza. Sheria hiyo hiyo ya migodi inailazimisha kampuni kuweka kando si chini ya asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi, na pesa hiyo inaongozwa na chombo ambamo wajumbe wa jamii wana viti. Ina maana kwamba kwenye pesa inayotolewa na kampuni binafsi, mwanakijiji ana kiti mezani. Kwenye pesa inayoingia kwa leta, ambayo ni yake kwa Katiba, hana kiti. Anasimama dirishani.

Watu wa Kivu ya Kusini wanajua kwamba raia anaweza kuingia bila kungojea kila kitu kikamilike. Zaidi ya miaka kumi iliyopita, kwa msaada wa Benki ya Dunia, mitaa kama Ibanda na baadhi ya usultani ilianza bajeti shirikishi. Raia walikuwa wanaitwa kwa ujumbe wa simu, wanakutana, wanapiga kura juu ya lipi lianze: maji, shule, daraja au mfereji. Ilikuwa kazi nzuri na iliwafundisha wengi kwamba bajeti ya mtaa si siri ya ofisi. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: mlango ulifunguliwa na mkubwa, na mkubwa angeweza kuufunga. Raia waliweza kuchagua mradi, lakini hawakuwa na nguvu ya kisheria ya kumrudisha mkubwa mezani mwaka uliofuata na kumuuliza pesa imeishia wapi. Nguvu hiyo ni ya baraza.

Wapo wanaosema mabaraza yatakuwa matumbo mapya tu. Hawasemi bure. Uchaguzi wenyewe wa 2023 ulikuwa na uchafu wake. Januari 2024 CENI yenyewe iliwafutia kura wagombea 82 kwa sababu kama udanganyifu, vitisho na kushika mashine za kura. Na katika mabunge ya majimbo, raia wameona mosio za kuwaangusha magavana zikipanda na kushuka kama bei ya mafuta. Leo gavana ni mwizi, wiki inayofuata wabunge wale wale wanapiga naye picha, na mji mzima unajiuliza kilichobadilika ni nini. Kisangani inajua habari hizo, Bukavu pia. Mtu aliyeona hayo ana haki ya kuogopa kwamba mosio ya mtaa itakuwa biashara ile ile, kwa bei ya chini.

Lakini hofu hiyo inaelekeza kwenye dawa nyingine kuliko kuyaacha mabaraza yafe. Mosio inauzwa gizani. Ni vigumu kuiuza mbele ya mama wa soko waliokaa kwenye viti vya nyuma ya ukumbi, wanaomjua mshauri kwa jina, wanaojua anakaa avenyu gani na alijenga lini. Ubora wa baraza la mtaa ni huo ukaribu. Mbunge wa taifa akishachaguliwa anahamia Kinshasa na simu yake inazimika. Mshauri wa mtaa wa Makiso au wa Kasuku anarudi nyumbani kwa motari jioni, na dereva wa motari huyo huyo alimpigia kura. Ukaribu huo hauna faida kama vikao vinafanyika mlango umefungwa, kama bajeti haibandikwi ukutani, au kama ikibandikwa imeandikwa kwa Kifaransa cha wahasibu tu. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa kwa kifungu cha kwanza cha Katiba. Hakuna sheria inayokataza kusoma bajeti ya mtaa kwa Kiswahili kwenye uwanja wa soko siku ya Jumamosi, baada ya salongo, watu wakiwa bado wamekusanyika na majembe yao. Kazi hiyo haihitaji ordonansi wala mfadhili. Inahitaji mshauri mmoja mwenye nakala ya bajeti na sauti.

Kuna sehemu za mashariki ambako mazungumzo haya yanaonekana kama anasa. Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kabisa mwaka 2023 kwa sababu ya vita. Goma na Bunia zilipiga, lakini Kivu ya Kaskazini na Ituri zilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, ambapo askari na polisi walichukua nafasi za wakubwa wa kiraia. Washauri walichaguliwa katika miji ambako wa kuulizwa walikuwa wamevaa sare. Kisha M23 ikaingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, ikaingia Bukavu katikati ya Februari, na ikaweka wakubwa wake. Mwenye duka wa Goma au wa Bukavu anaendelea kulipa kodi, na wa kumuuliza juu ya kodi hiyo hayupo. Hali ya miji hiyo haitatatuliwa na kikao cha mtaa. Ila siku utawala wa kiraia utakaporudi, swali litakuwa kama unarudi na mabaraza, au unarudi na orodha nyingine ya majina kutoka Kinshasa. Wale wanaozungumza amani katika miji ya mbali hawajasikika wakiligusa swali hilo.

Kwa upande wa leta yenyewe, mambo ya kufanywa yanajulikana na si mengi. Serikali itoe pesa ya uchaguzi wa maburugumesta, washauri wa mji na mameya, na CENI iweke tarehe ambayo haitasogezwa. Washauri walipwe kwa njia inayojulikana, isiyopita mkononi mwa burugumesta. Na kabla ya sekta na usultani kupata mabaraza yao, kila mkubwa anayepokea zile asilimia 15 za redevansi abandike mlangoni mwa ofisi yake karatasi moja kila baada ya miezi mitatu: kampuni fulani imeleta kiasi hiki, mradi fulani umechukua kiasi hiki, kimebaki kiasi hiki. Kampuni nazo zinajua zimelipa nini, tarehe gani, kwenye akaunti ipi. Zikitangaza upande wao, karatasi ya mkubwa wa sekta itakuwa na ya kulinganishwa nayo.

Muda wa mshauri kwa sheria ni miaka mitano. Saa yake ilianza kuhesabu na uchaguzi wa 2023. Mwaka 2028 mshauri huyo atarudi kwa raia wa mtaa wake kuomba kura tena, na wapo ambao hadi leo hawajawahi kushika mkononi bajeti hata moja ya mtaa waliochaguliwa kuusimamia.